Nyonga ya Lavinia

Kirksville, Missouri
9 Machi 1899

Kaka Orrin,

Theluji inayeyuka, na mama mwenye nyumba bado anatulisha maharage kila siku. Zahanati ya chuo chetu cha kunyoosha mifupa imejaa wagonjwa wanaoletwa na treni.

Jumatatu alishuka mkeo, Lavinia, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Alijiandikisha kwa jina la ukoo wa mama yake, kama ulivyomwagiza, ili madaktari wenzako wasijue umemleta kwa "wavunja mifupa", kama mnavyotuita.

"Wifi, usinikasirikie," alisema nilipompandisha mezani. "Dawa za Orrin zimeshindwa zote."

"Lala chali. Legeza mguu."

"Utaninyofoa kama paja la kuku?"

"Ukiongea sana, ndiyo."

Akacheka. Nilikunja goti lake, nikaliegemeza kifuani pangu, nikalizungusha taratibu kwenda nje, kisha nikaunyoosha mguu. Nyonga ikatoa mlio mara moja. Lavinia aliteremka mwenyewe, akatembea hadi dirishani, akaanza kulia.

Ni tiba ileile niliyokuomba nimfanyie Mama, Krismasi ya mwaka juzi. Ulisimama mlangoni pake ukasema, "Uchawi wako uache hukohuko Missouri." Mama alilala kitandani miezi kumi mingine, mpaka tukamzika.

Sijui kama ningemponya. Wewe hukutaka tujue.

Lavinia atarudi nyumbani Alhamisi ijayo. Usimpelekee kiti cha magurudumu stesheni. Waambie wenzako kwamba amepona kwa dawa zako, sitakukanusha. Lakini kila akipanda ngazi za nyumba yako, zisikilize hatua zake.

Dada yako,
Almeda