Shahidi wa Mguu Wako, Baba

Kariakoo, Dar es Salaam
Alhamisi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nanyamaza kidogo hapa ili uitikie, maana najua hata karatasi utaiitikia. Mimi ni mzima, na kile kikohozi nilichoondoka nacho baada ya Idi kimeniacha. Wewe je, kigutu kimepona pale kilipochubuka? Mama aliponiambia kwenye simu kwamba kiko hivyo hivyo, nilijua kimezidi. Na palizi bado anakwenda peke yake?

Ningeweza kupiga simu, lakini wewe ukipokea unaweka spika, na baraza zima linasikia. Haya ni yako kwanza. Vaa miwani, usome mwenyewe, taratibu.

Ofisi yetu unaijua kwa maneno yangu: chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la vitenge, na chini wabeba mizigo wanapigiana kelele tangu asubuhi. Miguu yenyewe ya bandia inatengenezwa karakana ya Ilala. Mimi natunza majalada ya watu waliokanyaga mabomu ya ardhini, wa ng'ambo zote mbili za Ruvuma. Fedha zinatoka kwa wafadhili wa nje, na wao wanataka kila jalada liwe na karatasi ya hospitali inayosema bomu.

Wiki iliyopita wafadhili walituandikia. Bi. Zuhura, mkuu wetu, alitusomea akiwa amesimama, hata mkoba hajautua. Kuanzia mwakani fedha zote zitakwenda kwenye kutegua mabomu yaliyobaki ardhini. Kuwasaidia walioumia kunakwisha na orodha hii tuliyo nayo, na orodha inafungwa mwisho wa mwezi.

Nimeliwaza sana hilo, baba, na siwezi kusema wana roho mbaya. Bomu likiteguliwa limekwisha, shamba linapigwa picha na watu wanalima. Lakini mguu haukwishi. Unachakaa, unapasuka, unatakiwa mwingine, na mwenye mguu bado yupo. Labda mtu aliye mbali anachoka kusaidia kitu kisicho na mwisho. Mimi sijachoka, kwa sababu nakuona wewe na huo wako uliofungwa mpira wa baiskeli, ukijifanya umekaa barazani kwa kupenda.

Jumatatu nilifika ofisini wa kwanza. Mvua ilikuwa imefunga barabara ya Jangwani, na Bi. Zuhura anatoka Magomeni. Nikatoa jalada lako. Ndiyo, lipo. Nililifungua mwenyewe mwaka jana, kwa ile kadi uliyonipa nikuwekee. Kadi inasema, kwa mwandiko mzuri wa nesi: amejikata kwa shoka akipasua kuni.

Nyumbani tumekicheka sana kisa hicho. Ulivyovuka Ruvuma bila kibali kwenda kumzika shangazi yako wakati kule bado wanapigana, ukakanyaga bomu, ulivyoogopa kuulizwa ulifuata nini ng'ambo, na nesi alivyokuwa akichomoa vyuma mguuni huku akiuliza hilo shoka lako limetengenezwa wapi. Kisha akaandika ulivyomwambia. Hukukosea, baba. Siku ile shoka ndilo lililokuokoa na askari. Leo ndilo linalokunyima mguu.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilikaa na kalamu juu ya kadi yako muda mrefu. Mstari mmoja tu ulitaka kubadilishwa, na mstari ambao ningeuandika ndio wa kweli. Nilijaribu kujishawishi kwamba kuandika kweli si kughushi. Mkono ukakataa. Nadhani uliona kwamba nikianza na kadi yako sitajua pa kuachia, na kila siku nazipokea za watu wengine. Nikalirudisha jalada chini kabisa ya rundo, kama mtoto anayeficha sahani aliyoivunja.

Bi. Zuhura alilifikia saa sita mchana.

"Rehema, huyu wa shoka kafuata nini humu?"

"Nimemweka mimi. Ni baba yangu."

Akavua miwani. "Na alikatwa na shoka?"

Nikamsimulia yote. Hakunigombeza. Akasema kama kadi imeandikwa vibaya, yupo wa kuisahihisha: mtu aliyekuwepo, akaeleze mbele ya mtendaji wa kijiji, iandikwe, ipigwe muhuri. Akaniuliza kama yuko hai.

"Yuko hai. Ni mjomba. Lakini yeye na baba hawasalimiani."

Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka mabegani. Kisha akasema, "Mwandikie baba yako. Mwambie mimi nimenuniana na kaka zangu mwaka wa tano huu kwa ajili ya nyumba ya marehemu baba. Lakini mimi nina miguu miwili."

Basi nimekuandikia.

Najua ninachokuomba. Nilikuwepo kwenye harusi ya dada, mjomba alipowasimulia wakwe jinsi alivyokubeba mgongoni mpaka mtoni, akakuvusha, nawe ukilia njia nzima. Niliona ulivyoinuka na fimbo yako ukaondoka hata pilau haijapakuliwa. Wengine walidhani umekasirishwa na kuitwa mlizi. Mimi niliona umeondoka kabla hajafika kwenye yale maneno uliyokuwa ukimwambia huku unalia. Ule ulikuwa utani wa mashemeji uliovuka mpaka, na mbele ya wageni. Hilo nakubaliana nawe.

Ila safari hii hakutakuwa na wageni. Kutakuwa na mtendaji, mjomba na wewe. Naomba umwendee mjomba wewe, usimtume mama. Mama amechoka kuwapelekea salamu kama tarishi. Fika tu mlangoni kwake, piga hodi. Hatakuuliza umefuata nini. Kisha nendeni kwa mtendaji, karatasi mumpe kondakta wa basi la Dar, nami nitaipokea kwa mkono wangu. Fundi wa Ilala amekwisha kuniahidi kwamba jalada likikamilika atashuka mwenyewe kuja kukupima.

Na mwache mjomba asimulie yote, baba. Usimkate. Nilikuwa mdogo sana nilipoisikia hadithi hiyo mara ya kwanza, na sikusikia habari ya mtu mwoga. Nilisikia kwamba baba yangu, damu inamtoka, hakuulizia mguu. Alikuwa akimwomba shemeji yake mtarajiwa amwambie dada yake, ndiye mama, asirudishe posa. Na hakuirudisha. Sisi tupo kwa sababu hiyo. Sioni aibu iko wapi.

Mjomba naye amezeeka. Akifika hapo akashindwa kuendelea, msaidie. Maneno yaliyobaki unayajua wewe.

Nisalimie mama, mwambie kitenge chake nimekipata, cha rangi aliyoitaka. Nisalimie dada na shemeji, na jirani yetu aliyenifundisha juzuu. Mjomba simtumii salamu kwenye barua hii, umpelekee wewe.

Nakupenda, baba, na naingoja hiyo karatasi.

Kitinda mimba wako,
Rehema