Pumzi ya Mama Neema

Mwalimu wangu Anselme,

Jana mchana nilisinzia kwenye benchi la kwaya nikingoja mvua ipungue, nikakusikia ukikohoa pale nyuma, kile kikohozi chako cha kutuambia tumeimba vibaya. Nilifungua macho. Kanisa lilikuwa tupu, mwanga wa rangi ya chai umetanda juu ya viti, na kwa muda kidogo sikuwa na hakika kama ulikuwa umekufa kweli.

Tangu tukuzike, kwaya iko mikononi mwangu. Ninafundisha kama ulivyonifundisha: mtu analala chali sakafuni, kitabu cha nyimbo juu ya tumbo, anavuta pumzi mpaka kitabu kinapanda. Waimbaji wanacheka, nami najifanya mkali. Lakini nilishika nusu tu ya mafundisho yako. Unakumbuka ulivyokuwa ukinisimamisha katikati ya wimbo? "Sauti iko muzuri. Lakini mutu mwenyewe iko wapi?" Nilikuwa nakasirika sana. Nilidhani unanionea.

Kuna mama mmoja amejiunga nasi, Mama Neema, aliyekimbia vita kutoka Djugu na watoto wanne. Anaimba kama wanavyoimba kwao kwenye kilio: haingii moja kwa moja kwenye noti, anaipanda kutoka chini, polepole, na pumzi ilikuwa ikimwishia njiani. Familia yako ilipoomba tuimbe siku ya kuondoa matanga, nilimpa yeye wimbo wa kuimba peke yake. Kisha nikaanza kumnyoosha. Aingie kwenye noti mara moja. Avute pumzi pale nilipoweka alama kwa penseli. Wiki tatu, Mwalimu, bila huruma. Akaweza. Hakukuwa na kosa hata moja, na hakukuwa na kitu ndani yake. Alikaa, akafunga kitabu, akasema, "Umenifundisha muzuri, dada. Lakini sasa nikiimba, siko nasikia tena mama yangu." Wiki iliyofuata hakuja.

Nilimfuata kwenye kambi ya wakimbizi anakoishi. Nilimkuta akimenya mihogo, nikaketi, nikachukua kisu cha pili. Nilimwomba msamaha, nikamwambia aimbe vile mama yake alivyoimba, alama zangu azisahau. Alikataa. Tukamenya. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye maturubai, na sauti ilipoanza sikujua mara moja inatoka wapi. Ilipanda kutoka chini, polepole, kama zamani, lakini safari hii haikukatika. Ile pumzi ya kitabu juu ya tumbo ilimbeba mpaka juu kabisa. Yeye mwenyewe alishangaa, akanitazama, ganda la muhogo mkononi. Ndicho ulichokuwa ukikitaka, sivyo? Mbona hukuniambia waziwazi, mzee mkaidi wewe.

Jumapili, siku ya kuondoa matanga yako, ataimba. Siku ya mazishi yako niliongoza kwaya bila kukosea, nikahesabu mapigo mpaka koleo la mwisho la udongo, na sikukulilia. Watu walinisifu. Nakuahidi, safari hii nitainua mkono mara moja tu, kumwanzishia. Halafu nitaushusha, nikulilie.

Pumzika, Mwalimu.

Mwanafunzi wako,
Espérance