Kengele ya Saa Sita

Manitoba, Kanada, 4 Novemba 1923

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi imenipasua mikono. Goti lako je?

Serikali ya huku imekataza Kifaransa darasani, na wazazi wameniajiri nifundishe hichohicho! Mkaguzi akionekana barabarani, Aurore mdogo, akaaye dirishani, anakohoa. Vitabu vyetu vinaingia chini ya kuni, vya Kiingereza vinapanda mezani. Watoto wanaona ni mchezo. Mimi nikikamatwa cheti kinafutwa, na shule anapewa mgeni. Naogopa, Mama.

Binti yako,
Délima

Quebec, 2 Desemba 1923

Délima mwanangu,

Marahaba. Goti limekuwa kaidi kama marehemu baba yako. Unakula lakini?

Kaza moyo. Ficha vitabu, ila usimfiche Mungu. Kengele ya saa sita mchana ikilia, wasimame wasali kwa lugha yao, kama tulivyolelewa. Lugha ikienda, imani nayo inafuata.

Mama yako

Manitoba, 17 Februari 1924

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya hiki. Mwili mzima, moyo haupo.

Mkaguzi alikuja. Aurore alikohoa, vitabu vikapotea. Alisikiliza Kiingereza chao, akawasifu. Alikuwa anafunga vifungo vya koti aondoke, kengele ya kanisa ikalia. Wote wakasimama. "Salamu Maria," Aurore akaanzisha, na darasa zima likaitikia kwa Kifaransa. Vitabu nilivifikiria. Kengele sikuifikiria hata kidogo.

Mkaguzi, mzee wa watu, alivua kofia, akangoja mpaka Amina. "Pole, mwalimu," akasema. "Nimesikia, siwezi kusema sikusikia."

Cheti kimefutwa.

Délima

Quebec, 9 Machi 1924

Mwanangu,

Nimelia hadi majirani wamekuja. Ni mimi niliyekuambia. Rudi nyumbani, kitanda chako kipo.

Mama yako

Manitoba, 6 Aprili 1924

Mama mpendwa,

Shikamoo. Usijilaumu, wangesali hata bila wewe.

Nitakuja theluji ikiyeyuka. Mwalimu mpya hajui neno letu hata moja. Kengele inalia, watoto wamekaa kimya.

Jana mama yake Aurore aliniita jikoni kwake. Mtoto hasali tena, hata mezani, hata kwa fimbo. Nilimpakata nikamuuliza kulikoni.

"Nilisali," akasema, "wakakufukuza."

Nikamwambia, "Siyo sala yako iliyonifukuza, mwanangu." Hakuniamini.

Binti yako,
Délima