Msafiri Haambiwi

Jumatano, uwanja wa ndege, Doha

Eti mama anaendelea vizuri! Ramadhani, mdogo wangu, hajui kudanganya.

Natoka Kanada kwa binti yangu, na ndege ya Dar bado sana. Nimempigia simu nyumbani, mtaa wa Cheyo. "Shikamoo dada. Umekula? Uko na nani hapo?" Lini Ramadhani ameniuliza kama nimekula? Nyuma yake viti vya plastiki vinaburutwa uani, na wanawake wengi wanaongea kwa sauti ya chini.

Kwetu msafiri haambiwi msiba mpaka aingie nyumbani. Hata mimi, nilipomsindikiza shemeji kutoka Bukene, njia nzima nilimwambia baba yake anakunywa uji. Baba yake tulikuwa tumeshamzika.

Na sisi hatulazi maiti. Mimi nitakuwa angani, wao wanatia udongo. Labda nimekosea. Ee Mola, niwe nimekosea.

Sikumwuliza. Nikiuliza atalazimika kujibu, na hapa sina hata wa kunishika mkono.

Nikasema, "Mwambie mama namletea shali ya sufu."

"Nitamwambia, dada."

Hakuna aliyekata simu.