Koti Lako na Ukuta wa Kalenga

Baba,

Koti lako la kahawia amelichukua Yusufu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma, na wewe hukupenda maneno ya kuzungukazunguka.

Siku tuliyokuzika alitoka Soweto, Mbeya, kule anakofundisha historia kama ulivyomfundisha, akaingia kwetu Kihesa kama mtani, Mngoni kwenye msiba wa Mhehe. Akalivaa koti, akasimama kaburini mikono nyuma, akawauliza waombolezaji kwa sauti yako hasa: "Mnasema amekufa. Ushahidi uko wapi?" Watu wakacheka huku wanalia. Mimi nilishikwa na wivu, Baba. Mwanao wa kumzaa sijui kuiga hata kikohozi chako, na yeye alikurudisha mzima mbele ya jeneza! Shangazi akasema alichochukua mtani msibani hakidaiwi.

Hata ulipokuwa hai aliniudhi. Kila likizo mlikaa sebuleni na swali lenu lile lile: Wahehe walipojenga ukuta wa mawe pale Kalenga na kulimbikiza bunduki kabla Wajerumani hawajawafuata, walijiandaa kushambulia au kujilinda? Yeye alikuwa akikutania, "Baruti yote ile, mwalimu, ya kulindia kuku?" Ukicheka mpaka miwani inadondoka. Mimi nikileta chai.

Ulimwambia asihesabu bunduki, maana bunduki ile ile inalinda na inavamia. Aangalie chakula. Anayekwenda kuvamia anaandaa chakula cha njiani na watu wa kukibeba. Anayeogopa anajaza ghala lake na kuziba milango. "Na wengine hufanya vyote viwili," ulisema, "hapo ndipo kazi ilipo." Mimi hukuniuliza nafikirije. Hata siku moja.

Sasa amepiga simu. Anakuja Jumamosi kuchukua vitabu vyako, eti mlikubaliana amalizie ulichoanza kuandika. Nimevihamishia vyote chumbani kwangu, nimeweka kufuli jipya, nimemwita shangazi aje tuwe wengi. Jana Mama alinikuta naburuta kabati kuelekea mlangoni. "We Neema," akasema, "unapigana na nani?"

Nikakaa kitandani nikajipima kwa kipimo chako. Sina chakula cha njiani, Baba. Simwendei mtu. Naogopa tu kwamba vitabu navyo vikiondoka, sitabaki na kitu cha kuonyesha kwamba nilikuwa wako.

Basi pumzika. Nakuahidi Jumamosi nitafungua hilo kufuli na kumpikia makande, na koti alivae akitaka. Vitabu havitoki, tutavisoma wote hapo sebuleni, na swali lenu nitalijibu na mimi. Ila chai ataleta yeye, na kwenye kiti chako nitakaa mimi.

Mwanao,
Neema