Lori la Bure la Kukurudisha Kwenu

Baba yangu mpendwa,

Watu wa mtaa wetu wa Bulla Pesa wanasema walikuzika vizuri. Mimi nasema walikufukuza, tena kwa heshima zote na chai ya maziwa. Nakuandikia wewe kwa sababu hapa Isiolo sijapata mtu wa kumwambia neno hilo akalielewa.

Unakumbuka karai lako la maji pale kando ya barabara? Nikitoka shule nachutama karibu nawe, unazamisha tyubu, nami natafuta mapovu. Nikiyaona kabla yako unanipigia makofi kwa mikono yako myeusi ya grisi. Madereva wa malori ya mbuzi walikuwa wanaanza kuita wakiwa mbali: "Mkamba! Wee Mkamba, kuja haraka!" Ulikuwa na jina, ulibatizwa nalo, lakini kwa zaidi ya miaka thelathini mji mzima ulikuita Mkamba. Nami nilikuwa mtoto wa Mkamba. Nilizaliwa hapa, nikasema Kiborana kabla sijajua Kikamba, na bado nilikuwa mtoto wa Mkamba.

Halafu kulikuwa na ule upuuzi kwamba kila Mkamba ni mchawi. Mbuzi wa mtu akiibwa, anakuja kuinama karibu na sikio lako.

"Mkamba, tufanyie ile kitu yenu."

"Kitu gani yetu?"

"Ile. Mwizi avimbe tumbo."

Unamwonyesha mkebe wa gundi. "Dawa yangu ni hii tu, inaziba tyubu. Ukitaka nizibe mwizi, mlete hapa."

Tulicheka sana kwa hayo. Lakini hukucheka siku mtoto wa jirani aliposhikwa na degedege, na mama yake akapita mlango wetu mbio, amemfunika uso ili usimwone. Jioni ile chai yako ilipoa mkononi. Kesho yake baba wa mtoto yule yule alileta baiskeli yenye pancha, ukaitengeneza na kumuuliza mgonjwa anaendeleaje. Ningekuwa mimi, ningeitoboa mahali pengine.

Mama alipofariki nilikuwa darasa la tatu. Wakati huo hatukuwa tukijulikana sana. Walikuja mchungaji, mwenye ploti tuliyopanga na majirani wachache, basi. Hakuna aliyeitisha kamati, hakuna aliyepitisha daftari la mchango, hakuna aliyeuliza kwao ni wapi. Akazikwa hapa mjini, makaburi ya Wakristo. Tangu siku hiyo ulikuwa unakwenda na jembe, unapalilia kaburi lake na nafasi ya mtu mmoja kando yake. "Hapa ni pangu," uliniambia. "Nikienda, usisumbue watu. Nisogeze tu hapa."

Hukuniomba jambo lingine kubwa maishani, Baba. Ni hilo tu.

Ulipofariki, uwanja wa ploti ulijaa. Walikuja Waborana, Wasomali, Wameru wa miraa, Waturkana, madereva, kina mama wanaouza maziwa. Nilijivuna, sikufichi. Nikasema moyoni, kumbe Baba ana watu. Kisha katibu wa kamati ya mazishi akauliza, "Sasa huyu mzee jina yake ni nani? Si msikiti itatangaza, na kanisa pia." Wakatazamana. Watu uliowafungia magurudumu usiku na mchana walitazamana kama wanafunzi wasiosoma, ikabidi mimi niwatajie.

Mzee Jama akasimama. Ulimwita rafiki, na alikuwa rafiki, simnyimi hilo. Kila tairi la malori yake lilipita mikononi mwako. Alikuwa analia. "Mkamba alikuwa mtu yangu," akasema. "Lori yangu iko, mafuta ni juu yangu, dereva ni wangu. Tutampeleka yeye mpaka kwao, mpaka mlango ya nyumba ya baba yake." Watu wakampongeza. Michango ikatoka kabla hajaketi.

Nikasimama. Niliwaambia kwamba ulitaka kulala hapa, kando ya Mama.

Kisha Mzee Jama akaniambia kwa upole, "Mtoto yangu, hiyo ni uchungu inaongea. Hatuwezi wacha rafiki yetu alale ugenini. Watu watasema alikosa watu."

Ugenini, Baba! Mji uliozeekea! Nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya karai.

"Mzee," nikamuuliza, "babu yako amezikwa wapi?"

"Si hapo tu, makaburi yetu."

"Naye alitoka wapi?"

Kila mtu alijua. Babu yake alikuwa askari aliyeletwa na Mzungu kutoka ng'ambo ya mpaka, vita vilipokwisha akaachwa hapa na vipande vya nguo na ngamia wawili watatu. Mzee Jama mwenyewe alikusimulia, nami nikisikia, jinsi alivyosumbuliwa akiomba kitambulisho, akiambiwa arudi kwao Somalia ambako hajawahi kukanyaga. Mlikaa juu ya tairi kuukuu mkimsema vibaya karani aliyemwambia hivyo mpaka jua likazama.

Akaniangalia kama mtoto aliyekosa adabu. "Hiyo ni maneno ingine," akasema. "Sisi ni wenyeji."

Chai ikapitishwa. Baba mdogo akapigiwa simu Kitui, akasema kama mna gari, mleteni. Ikawa imeamuliwa, na mimi ni mmoja, tena mwanamke, sikuweza kulala mbele ya lori.

Huko kwenu, Baba, walikupokea vivi hivi. Mchungaji alikuita ndugu yetu aliyepotelea kwa watu wa ngamia. Shangazi mmoja alinivuta kando aulize kama ulikufa Mkristo au ulishasilimu. Wengine walitaka kujua kama tunalala na bunduki, kama ni kweli watu wa Isiolo wanaua mtu kwa sababu ya ng'ombe mmoja. Nilipomwaga udongo nikasikia mtu nyuma yangu akisema, "Huyu mwiitu, binti yake, amekuja kuchungulia shamba." Wakakulaza mwisho kabisa wa boma, kwenye ua wa mkonge, mahali pasipolimwa. Hakuna hata mmoja aliyelia isipokuwa mimi na dereva wa Mzee Jama.

Niliporudi, mama mmoja wa maziwa alinipokea kwa mshangao. "Kumbe umerudi? Sisi tulijua mmeenda kabisa." Hakuwa na ubaya. Hilo ndilo linalonimaliza, kwamba hakuna hata mmoja wao mwenye ubaya. Mzee Jama hunisimamisha sokoni aniulize kama nimekula, halafu huwaambia walio karibu, "Huyu ni mtoto ya Mkamba, tulimfikisha baba yake kwao." Anasema kwa fahari. Nami naitika salamu yake, natabasamu, nafika nyumbani nikiwa sina hamu ya chakula.

Jana nilikwenda kumpalilia Mama. Pale pako pamezikwa mtu. Mchimba kaburi aliniambia ni kijana wa mjengo, alianguka kutoka ghorofani, na hakuna aliyejua kwao ni wapi. Hakuwa na rafiki, hakuna aliyemchangia, kwa hivyo wakamzika hapa. Msalaba wake hauna jina.

Nilipalilia makaburi yote mawili, maana sikujua la kufanya na mikono yangu. Na tangu jana naomba dua moja mbaya, Baba. Naomba watu wa mji huu wasije wakanipenda kama walivyokupenda wewe, ili nami nikifa waniache hapa.

Siwezi kukuambia ulale salama pale kwenye mkonge. Nakuambia tu kwamba najua ulitaka kulala wapi.

Ni mimi binti yako, mwenyeji wa Bulla Pesa.