Jiwe la Torleif

Ragnhild uko wapi?? Ambulensi imemchukua mume wangu!

Torleif kamwagia jiwe lenye matumbawe maji ya moto, eti analisafisha. Maji ya moto! Miaka kumi anafuga samaki wa baharini kwenye gereji yetu, hajui matumbawe yale yana sumu, na maji ya moto huipandisha na mvuke?

Nimemkuta anakohoa mvukeni. Akasema, "Mdomoni nasikia ladha ya chuma." Nikafungua mlango. Akang'aka, "Funga, Ingunn! Nje nyuzi kumi chini ya sifuri, samaki watakufa!"

Hata kwenye machela, kavalishwa oksijeni, anauliza: "Umefunga?"

Nikamwonea huruma. Nikarudi gerejini, nikafunga mlango, nikawatazama samaki wake. Dakika moja tu, naapa.

Ragnhild, mbona na mimi nasikia ladha ya chuma?